Jina Nililomlisha Asmaa

Daktari Sabaha alipofika kijijini kwetu mara ya kwanza, wanaume walimcheka viatu. Alivaa raba nyeupe kama mwanafunzi siku ya michezo, gauni refu, ushungi, na miwani. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Seleman, alimkaribisha kwa maneno marefu kama anapokea mkuu wa mkoa, halafu akageuka pembeni akawaambia wenzake, "Huyu naye daktari? Mbona kama kaja kutembeza vitumbua?"

Wakacheka. Na mimi nilicheka, tena nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nalisema hilo mapema, mtu asije akadhani kuna msafi humu ndani.

Kwao tulikujua. Ni mtoto wa kijiji cha Mtua, baba yake mkulima wa korosho kama sisi wa huku Ruponda. Yeye ndiye mtoto wa kike wa kwanza wa pande hizi tuliyesikia kausomea udaktari mpaka mwisho, ule wa kupasua watu matumbo. Alipokuwa anasoma, Mtua nzima ilimsema: "Atazeekea darasani yule, nani atamuoa?" Aliporudi daktari, watu walewale wakasema, "Si tulijua toka mdogo kuwa ana akili!"

Siku hiyo hakutuhutubia. Alimuuliza Mwenyekiti swali moja.

"Mzee wangu, mwaka jana hapa kijijini wamekufa wanawake wangapi kwa uzazi?"

Seleman akakohoa. Akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama kalamu yake. "Hayo ni mambo ya akina mama, Daktari."

"Na ufuta mlipeleka magunia mangapi ghalani?"

Hilo alilijua. Akataja magunia yote ya kijiji, akataja mpaka gunia moja lililonyeshewa njiani.

Daktari akaandika kwenye daftari lake. "Asante," akasema. "Gunia lililonyeshewa unalikumbuka."

Akapanda gari akaondoka. Wanaume wakachukua wiki nzima kuelewa kuwa wametukanwa.

Tangu siku hiyo hakukaa kimya. Tukamsikia redioni, tukamwona kwenye gulio, tukaambiwa yuko Nachingwea mjini kwenye vikao vya wakubwa, anasema maneno yaleyale. Mwanamke mwenye uchungu asisubirishwe hadi mjomba wake apatikane. Binti akitoka unyagoni arudi darasani, asirudi kwa mchumba. Na wanawake wanaovuja mkojo baada ya kuzaa wasifichwe, ni wagonjwa, wanatibika. Neno mkojo alilitamka mbele ya mashekhe na madiwani bila kupepesa macho. Basi watu wakamwita Daktari wa Mikojo, na waliolitunga jina hilo wakajiona wana akili sana.

Sasa nije kwangu. Jina langu ni Mwamina. Kwa miaka thelathini nilikuwa nyakanga, yaani mkubwa wa unyago, mwenye kuwafunda wanawali. Huku kwetu nyakanga ndiye pia anayeitwa mwanamke akishikwa na uchungu. Shule niliishia darasa la nne. Ninasoma polepole, kidole juu ya neno, lakini ninasoma.

Kwa hiyo niliisoma kadi ya Asmaa. Asmaa ni mtoto wa marehemu binti yangu Fauzia. Nimemlea mwenyewe tangu hajaota meno ya mbele. Alipopata mimba ya kwanza alikwenda kliniki, nesi Edina akamsimamisha ukutani, akampima kwa alama za ukutani pale, akaandika: kimo sentimita 145, mimba ya kwanza, ajifungulie hospitali.

"Bibi, wamesema mimi mfupi, nikazalie Nachingwea," Asmaa akaniambia.

"Nani amewahi kuzaa kwa urefu?" nikamwambia. "Twiga?"

Nikaifungia kadi ndani ya sanduku. Lakini sikuwa na shida na urefu wala ufupi. Nilikuwa naogopa kuchekwa. Nyakanga mzima, mjukuu wangu mwenyewe akazalishwe na watoto wa juzi wenye glavu? Bi Kulthumu, ambaye alikuwa msaidizi wangu na alikuwa anakitamani kiti changu kama paka anavyotamani samaki wa mwenzie, angelisema hilo mpaka Ruangwa.

Masika ya mwaka juzi, uchungu ukamshika. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Na huku kwetu uchungu ukikawia hatusemi kuwa njia ni nyembamba. Tunasema mwanamke ana mwanamume wa pembeni, na mtoto anaona aibu kutoka mpaka jina la huyo mtu litajwe. Mwanamke anabanwa ataje. Akitaja, tunasema sasa mtoto atatoka. Akitoka, jina ndilo limemtoa. Asipotoka, basi kuna jina lingine amelificha. Ukiitazama vizuri, ni mila isiyoweza kushindwa, kama mwanasiasa.

"Taja, mwanangu," nikamwambia Asmaa.

"Bibi, sina mtu."

"Taja!" wakadakia wenzangu, Bi Kulthumu mbele.

"Nimtaje nani? Wallahi sina, Bibi. Sina."

Siku ya tatu, asubuhi, alikuwa hana sauti. Midomo imepasuka. Nami nikajua, nasema nilijua, kuwa mtoto huyu ananiambia kweli. Nimemlea, najua anavyodanganya na anavyosema kweli. Lakini wanawake sita walikuwa wamekaa wananitazama mimi, si yeye. Nje ikapita pikipiki ya Mwenyekiti na kipaza sauti: mkutano wa ufuta, wote mhudhurie. Nikamwinamia Asmaa sikioni.

"Sema hata Seleman basi, tumalize."

Akasema, "Seleman."

Wanawake wakapiga vigelegele kama timu yao imefunga bao. Mtoto hakutoka. Kwani mtoto alikuwa anamjua Seleman? Alitoka alasiri, amekwisha kufa, na siku chache baadaye Asmaa akaanza kuvuja mkojo, usiku na mchana, bila kuhisi, bila kuzuia.

Mumewe, Hassani, alivumilia mwezi mmoja. Kisha akasema anakwenda Ruangwa kufuata mbegu ya ufuta. Mbegu hiyo inatafutwa mpaka leo.

Asmaa akahamia kibanda cha nyuma nilichokuwa nafugia bata. Mwenyewe alitaka, alisema harufu inamwaibisha. Nikawa ninachana kanga kuukuu, namfungia, nazifua, naanika nyuma ya kibanda, kila siku, miaka miwili. Watu walipita wakasema, "Bibi Mwamina ana subira jamani, Mungu atamlipa." Subira! Subira ya mtu aliyemvunja mguu mwenzie halafu anasifiwa kwa fimbo anayompa.

Jina nalo likazagaa kijiji kizima. Mke wa Seleman alirudi kwao miezi miwili, na aliporudi alirudi na masharti. Seleman akaja kwangu akipiga kelele uani, anataka neno lifutwe. Hapo akajitokeza mwanangu Kaimu.

Kaimu ni mjomba wa Asmaa, na kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Ni mwanangu wa kumzaa, nimempangusa makamasi, nimemtoa funza miguuni, lakini mbele ya watu ninamwamkia kwa heshima maana ndiye mkubwa wa ukoo. Kaimu aligombea uenyekiti akashindwa na Seleman. Jina alilolitaja Asmaa kwake lilikuwa kama amepigiwa kura upya.

"Ukoo wetu hausemi uongo," akamjibu Seleman. "Mwanamke mwenye uchungu hadanganyi. Kiri, ndugu."

"Mlimtuma!" Seleman akasema. "Wewe ulimtuma kwa sababu ya uchaguzi!"

Ikawa hivyo miaka miwili. Wanaume wawili wazima wanagombania jina, na mwenye kulitaja amekaa kwenye banda la bata. Mimi kimya. Mwenye subira.

Mwaka huu, mwezi wa nane, nesi Edina akaja mpaka kibandani. Hakuziba pua. Akamwambia Asmaa kuwa Daktari Sabaha amepata wataalamu kutoka Dar, watakaa Ruangwa wanawafanyia upasuaji wanawake wanaovuja, hakuna malipo yoyote. Gari litapita kijiji kwa kijiji kuwachukua, kwetu litapita Jumanne asubuhi. Wataalamu wakiondoka ndiyo wameondoka.

"Ninakwenda, Bibi," Asmaa akaniambia. Hakuuliza. Akafua kanga zake mbili nzuri, akazikunja, akafunga kifurushi, na kila baada ya muda akakifungua akakifunga tena.

Jumatatu Kaimu akapata habari. Akasema mgonjwa wa ukoo wake haendi kupasuliwa mpaka aliyemharibu akiri mbele ya huyohuyo Daktari. Seleman naye akapata habari. Akasema binti haondoki kijijini mpaka afute neno na amtaje aliyemtuma, maana akishapona huko hatarudi, na jina lake litabaki chafu mpaka kaburini. Mmoja anataka lithibitishwe, mwingine anataka lifutwe, na gari linapita kesho. Wakaitisha kikao cha asubuhi kwenye baraza la ghala la ushirika. Kwa mambo ya namna hii wanaume wetu hawachelewi.

Jumanne tulikuta baraza limejaa. Hata waliosema harufu ya Asmaa inawapa kichefuchefu siku hiyo walipata pua za chuma, wakakaa mbele. Asmaa alisimama ukingoni, mbali na mikeka, kifurushi kifuani.

Gari likaja na vumbi lake. Ndani walikuwamo wanawake watatu wa vijiji vingine, wamekalia plastiki. Daktari Sabaha akashuka, raba zilezile.

"Asmaa ni nani?"

"Mimi."

"Panda, mama. Twende."

"Subiri kwanza, Daktari," Seleman akasema, amesimama kwenye mlango wa gari. "Hapa kuna shauri la kijiji."

"Mgonjwa ana shauri gani?"

Wakamweleza. Wote wawili kwa pamoja, huyu anaanza huyu anamalizia, kama wanatwanga kinu kimoja. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani akaifuta.

"Kwa hiyo mtoto alikuwa anaona aibu," akasema.

"Ndivyo mila yetu inavyosema," Kaimu akajibu.

Pale barazani palikuwa na dumu la maji la lita ishirini. Daktari akamwonyesha. "Mjomba, hebu ingiza ngumi yako kwenye mdomo wa dumu lile."

"Nini?"

"Ngumi. Ingiza."

Kaimu akacheka, akatazama watu, akajaribu kwa mzaha. "Haiingii, Daktari. Mdomo mdogo."

"Taja hawara yako," Daktari akasema. "Labda itaingia."

Mwanamke mmoja wa mle ndani ya gari akaangua kicheko, wakafuata wa barazani, wakacheka wakijiziba kwa kanga. Kaimu aliondoa mkono kwenye dumu kama limemuuma.

"Mtoto ana kichwa, mama ana mfupa," Daktari akasema. "Kichwa kikiwa kikubwa kuliko njia, kinakwama. Kikikaa siku tatu kinabana nyama mpaka inaoza, inatoboka. Tundu hilo ndilo linalovuja. Mwenyekiti hayumo. Hawara hayumo. Binti huyu ni mtu mzima, ana miaka ishirini na moja, ruhusa ni yake peke yake. Mwenyekiti, toka mlangoni."

Seleman alitoka, hatua moja. Lakini akasema, "Akapone, sikatai. Aseme tu aliyemtuma. Mimi nimeishi miaka miwili nachekwa na watoto wa shule ya msingi!"

Na Kaimu, kwa sababu amechekwa, akawa mkali zaidi. "Apande. Lakini Asmaa, nisikilize. Ukipanda kabla shauri halijakwisha, usirudi. Ukoo huu utakuwa umekutoa. Nyumba ya bibi yako ni nyumba ya ukoo, na mimi ndiye mwenye ukoo."

Asmaa akatazama gari. Wale wanawake watatu walikuwa wamesogea, wamemwachia nafasi.

"Nani alikutuma?" Seleman akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama anayeomba. "Sema tu. Ni mjomba wako, siyo?"

"Sikuwa na mtu," Asmaa akasema. "Hilo nimeshasema siku zote."

"Sasa jina langu lilitoka wapi? Lilianguka toka kwenye bati?"

Asmaa akanigeukia. Alinitazama muda mfupi tu, akatazama chini. Akafunga mdomo. Na nikaona anavyokaza kile kifurushi, anavyokaza na kunyamaza, nikaelewa kuwa mtoto huyu yuko tayari gari liondoke. Atarudi kwenye banda la bata, abaki na mikojo yake mpaka afe, kuliko kunitaja mimi. Tulimbana siku tatu ataje. Sasa ndipo alipokuwa na wa kumtaja, hataji.

Dereva akawasha gari. Daktari akatazama saa. "Nina mgonjwa mwingine mbele ananisubiri barabarani," akasema. "Asmaa, mimi siwezi kukubeba."

Mimi ni mtu wa polepole. Hata kusimama nasimama kwa vipande: kwanza mikono, halafu magoti. Siku hiyo pia nilisimama hivyo, na Bi Kulthumu akanivuta kanga. "Kaa chini, Nyakanga, waache wanaume wamalize."

"Wanaume hawamalizi kitu," nikasema. "Seleman, jina lako nililitoa mimi."

"Unasemaje, Bibi?"

"Nililitoa mimi. Asmaa alikataa siku tatu. Pikipiki yako ilipita inatangaza ufuta, nikamnong'oneza sikioni, sema Seleman. Angepita muuza samaki, ningemwambia amtaje muuza samaki. Kaimu hakumtuma, Kaimu hakuwemo ndani, yeye alikuwa amekaa nje anasubiri kuitwa mkubwa wa ukoo."

"Mama!" Kaimu akasema.

"Nyamaza. Na kadi ilikuwa imeandikwa azalie hospitali. Niliisoma. Nikaificha."

Nilidhani watanizomea mimi, nikakaza masikio kungoja. Sikuzomewa. Mwanamke mmoja akasimama nyuma, Mwantumu, mtu mzima wa umri kama wa hamsini, ambaye nilimzalisha zamani.

"Na mimi je, Nyakanga?" akauliza. "Mwaka ule ulinibana nikamtaja shemeji yangu. Mume wangu akaniacha. Ndugu wale wawili mpaka leo hawasalimiani. Na mimi sikuwa na mtu."

"Najua," nikasema. Mwaka ule sikujua. Lakini siku hiyo nilijua.

"Mimi nilimtaja fundi cherehani," akasema mwingine, "masikini ya Mungu, alihama kijiji."

"Mimi nilimtaja marehemu," akasema bibi mmoja aliyekaa karibu na dumu, "ili asipigwe mtu."

Ndipo likafumuka. Mwanamke huyu anasema aliyemtaja, yule anasema wake, wanaume waliotajwa miaka mingi iliyopita wanasimama wanasema "Si niliwaambia!", na wanaume walioacha wake zao kwa majina hayo wanachunguza kucha zao za miguu. Bi Kulthumu alisema kwa sauti kuu kuwa mimi nimezeeka na akili imeruka. Hakuna aliyemgeukia. Seleman, aliyepata alichokitaka kwa miaka miwili, alikaa kwenye ngazi ya ghala, hajui akifanyie nini.

Katikati ya kelele hiyo Daktari Sabaha akafungua mlango wa gari.

"Asmaa. Panda."

Akapanda. Hakumtazama mjomba wake. Daktari akanigeukia mimi: "Mgonjwa anahitaji mtu wa kumwangalia. Unakuja au unabaki kusikiliza?"

Nikapanda vilevile nilivyo, na kanga moja.

Ruangwa walitupa kitanda karibu na dirisha. Wodi ilijaa wanawake wa kila upande, mmoja alikuwa amevuja miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa! Na kijijini kwao mlikuwa na mwenyekiti, na shekhe, na mjomba, na nyakanga, wote wana akili timamu. Asmaa alipasuliwa siku ya tatu. Wakamwekea mpira wa kutolea mkojo, wakasema ukae siku kumi na nne, usikunjwe, usilaliwe. Nilikaa chini pembeni ya kitanda naulinda mpira ule kama mtu anayelinda mtama usiliwe na ndege.

Mjukuu wangu hakunisemesha. Alisema "maji", "nigeuze", "asante". Basi.

Siku moja nikamkuta Daktari kwenye ukumbi wa wodi, amekaa kwenye benchi anakula muhogo wa kuchoma, raba amezivua. Nikamwamkia. Nilikwenda kumshukuru, nikajikuta nauliza.

"Daktari, kama ningemleta siku ya kwanza?"

"Angerudi nyumbani na mtoto," akasema.

Akaendelea kutafuna. Kuna watu wanajua kukutukana bila kutoa tusi hata moja. Baadaye akauliza, "Umefunda wanawali wangapi?"

"Sikuwahesabu. Mamia."

"Mwakani unyago ukianza, niite. Nataka saa moja tu na hao wanawali. Na saa mbili na makungwi."

"Hawataniita tena mimi, Daktari. Nimejivua nguo mbele za watu."

"Watakuita," akasema, akapangusa vidole. "Umewafundisha ujinga miaka thelathini. Hawawezi kuuacha kwa mwezi mmoja. Ila ukiitwa uniambie, usiende peke yako, utawarudishia uleule."

Mwingine angekasirika. Mimi niliona ana haki, tena kanihurumia.

Siku ya kumi na nne nesi akautoa mpira. Akampa Asmaa jagi la maji, akamwambia anywe yote, atembee, kisha aseme. Asmaa alikunywa kidogokidogo, analitazama jagi kama linamtega. Akatembea toka kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, wodi nzima ikimfuata kwa macho. Akasimama. Akapitisha mkono nyuma ya kanga yake. Akapitisha tena.

"Pakavu," akasema.

Yule aliyevuja miaka kumi na tisa, ambaye mpira wake ulikuwa bado siku nne kutolewa, ndiye aliyeanza kulia. Asmaa hakulia. Alisema anasikia mkojo unambana na anataka kwenda chooni, akacheka kwa kulisema neno hilo, akaenda chooni mwenyewe, akarudi, akaketi kitandani. Akapapasa shuka pembeni yake kuniambia nikae. Ilikuwa mara ya kwanza tangu barazani.

"Bibi," akasema. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Nilijua anamuulizia nani. Miaka miwili, katika majina yote yaliyozunguka kijiji, hakuna aliyekumbuka kumwambia hilo. Na mimi niliyempokea nilikuwa najua siku zote.

"Wa kike."

Akaitikia kwa kichwa. 

"Tukirudi utanionyesha mlipomzika."

Huku kwetu mama haonyeshwi kaburi la mtoto aliyezaliwa amekufa. Wanazika wanawake wakubwa peke yao, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia mama wachanga kwamba wakiliona watakuwa tasa, na walikuwa wananiamini. Neno hilo likanijia mpaka kwenye ulimi, limezoea njia.

"Nitakuonyesha," nikasema haraka.